Fundi wa kompyuta asiyefuatilia habari

Vijana wetu wanaojifunza ufundi wa kompyuta Nakivale husema hawafuatilii habari za teknolojia kwa sababu bando ni ghali. Ni kweli: Julai 2021 serikali ya Uganda iliweka kodi ya asilimia 12 kwenye data. Lakini mbona bando hilo hilo huishia kwenye video za simu mpya ambazo hakuna kati yetu atakayezinunua?

Anayetengeneza kompyuta ya mtu amebeba amana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Fundi asiyejua hilo ataiweka leo kwenye kompyuta ya duka, atapokea ujira wake, na mwenye duka atabaki wazi kwa wezi wa namba za siri.

Basi tuanze na matangazo ya watengenezaji wa programu wenyewe. Ni maandishi, hayali bando sana. Wanaosoma Mbarara wawapelekee wenzao wa Nakivale masasisho kwa fleshi (safi, isiyo na virusi!). Na wazazi, kabla ya kulipa, mwulizeni fundi: programu hii bado inapata masasisho?