Wahakiki Waliofia Teron

Kuna aina ya tahakiki za gemu ambayo ukisoma mbili tatu umezisoma zote. Mwandishi anasifu hadithi, anasikitikia picha, kisha anafika kwenye "lakini". Lakini ni ngumu mno. Baada ya hapo inakuja namba juu ya kumi, na kazi imekwisha. The Age of Decadence, gemu ya kuigiza uhusika iliyotolewa na Iron Tower Studio mwezi Oktoba 2015, ilikutana na tahakiki nyingi za namna hiyo. Nyingine ziliisifu sana, na kwa jumla haikupokewa vibaya, kwa hiyo sigombani na alama ilizopata. Ninachogombana nacho ni kwamba walioilaumu na walioitetea waliuzungumzia ugumu wake kama watu wanaobishana juu ya pilipili kwenye mchuzi: imezidi, haijazidi, nani ana ulimi wa kuihimili. Hawakuuliza ugumu ule umewekwa kusema nini.

Kwa ambaye hajaicheza, ni dunia ya kubuni iliyoigwa kutoka kwenye Dola ya Kirumi baada ya kuanguka. Uchawi upo kwa mbali tu, kama mabaki ya vita ya zamani ambayo hakuna aliye hai anayeielewa sawasawa. Imebaki miji michache, Teron, Maadoran na Ganezzar, na koo za kibwanyenye zinazoviziana. Mapigano ni ya zamu kwa zamu, kama gemu za miaka ya 90. Huna kikosi cha kufuatana nacho, uko peke yako. Kuna stadi 23, kuanzia kisu na ngao hadi adabu za mbele ya wakubwa, na pointi unazopewa hazitoshi kuzijua zote. Ukijaribu kuwa mpiganaji hodari na msemaji hodari kwa wakati mmoja, utazikwa mapema. Unaweza kuifikisha gemu mwisho bila kupigana hata mara moja. Unaweza pia kufa katikati ya maongezi kwa kuchagua sentensi isiyofaa mbele ya mtu asiyefaa.

Pale Teron, mji wa mwanzo, yuko tapeli anayeitwa Miltiades. Anakuja na dili. Mchezaji aliyelelewa na gemu za kawaida anajua mgeni akikusemesha maana yake ni kazi ndogo, malipo kidogo, na uzoefu unaoongezeka. Kwa hiyo anamfuata, na huko anakofuatana naye anakuta watu wenye silaha wanamsubiri. Kwa wahusika wengi wanaoundwa siku ya kwanza, safari inaishia hapo. Mchezaji anarudia, anakufa tena, anafunga kompyuta na kulalamika kwamba pambano halikupimwa vizuri.

Mhakiki akiandika hivyo ameona hesabu akakosa maana. Pambano lile limewekwa kukuvua tabia uliyoingia nayo, ya kudhani kila mtu katika dunia hii amezaliwa ili akupe kazi. Aliyezoea mapanga anaweza kutoka hai. Msomi wa nyaraka za kale hana la kufanya pale isipokuwa kutokwenda, na gemu inamruhusu kabisa asiende. Yeyote aliyewahi kushuka stendi na begi lake, akaitwa "mjomba" na mtu asiyemfahamu, anamjua Miltiades. Hatusemi stendi imetengenezwa vibaya.

Ndivyo ilivyo gemu nzima. Tukio linaloanzisha mkasa, mauaji ya mfanyabiashara mwenye ramani, unaliona kwa jicho la kazi uliyochagua. Muuaji wa kukodiwa analiona kama ajira, mlinzi wa kukodiwa analiona kama aibu. Hakuna katika hao aliyetabiriwa kuiokoa dunia. Bwana Antidas, mkuu wa ukoo uliofilisika pale Teron, anaamini hadithi za kale zitamrudishia heshima, na wewe unaweza kumtumikia au kumwangusha, kutegemea nani amekushika shati. Katika dunia ya namna hiyo, mtu wa kawaida akishinda watu wanne kwa panga bila jasho, hadithi yote inakuwa uongo. Ugumu ndio unaoifanya hofu ya wahusika iwe hofu yako pia. Ukiupunguza hadi usiumize, unabaki na maneno mengi kuhusu ukatili wa dunia ambayo haijawahi kukukwaruza. Hiyo ndiyo hoja mhakiki alipaswa kukutana nayo. Akiona haishawishi, sawa, aseme. Lakini aseme baada ya kuiona.

Hakuna mwalimu wa fasihi anayemwambia mwanafunzi kwamba Nagona ya Kezilahabi ina kasoro kwa sababu haisomeki ndani ya daladala. Anaweza kusema mengine mengi mabaya juu yake.

Wahakiki hawa hawa si kwamba hawawezi kuusoma ugumu. Wanaweza sana, anapokuja nao mtu mkubwa. Dark Souls ya FromSoftware ilipotoka mwaka 2011, kufa kwa mchezaji kuliandikiwa insha ndefu kuhusu upweke, subira na mauti. Sina neno, insha nyingine ni nzuri na gemu yenyewe inazistahili. Ila linganisha. Studio yenye jina na picha za kutisha ikikuua, inasemekana ina falsafa. Kikundi kidogo kilichohangaika na gemu yake kwa zaidi ya miaka kumi, kikaitoa na nyuso zilizokakamaa na kuta za rangi ya vumbi, kikikuua, kinaambiwa hakijui kupima nguvu za maadui. Ubaya wa picha uliwafanya watu waamini kwamba kila kigumu ndani yake ni ajali. Dhana hiyo inaumiza, kwa sababu studio ndogo haina mabango ya matangazo. Ina gemu na maneno ya watu. Neno "haikukomaa" likirudiwa na wengi, linageuka bei.

Upande wa pili nao haunifurahishi. Mashabiki wakali waliigeuza gemu hii kuwa jando. Hujaiweza? Rudi kwenye gemu za watoto. Kila lawama, hata ya haki, ilijibiwa kwamba mlaumu hajui kucheza. Hao walidhani wanaitetea, kumbe waliifungia mlango. Kama thamani ya gemu ni kuchuja wanaume na wavulana, basi Antidas, Miltiades na ile ramani ni mapambo tu, na tungeweza kupimana kwa kukunja mikono. Isitoshe, kuna njia ya kuimaliza gemu hii kwa ulimi na adabu bila kuchomoa panga. Shabiki anayejivuna kwa idadi ya maiti zake ameicheza upande mmoja tu.

Kelele za pande zote mbili zilifunika kasoro kubwa kuliko zote, ambayo si ya ugumu hata kidogo. The Age of Decadence inakupa pointi za ujuzi na kukuachia uzitunze bila kuzitumia. Halafu mbele inakuwekea milango inayodai kiwango fulani cha ustadi fulani, na hujui mlango gani unadai nini mpaka umeufikia. Mchezaji mwerevu anajifunza haraka: asitumie chochote. Anatembea na pointi mfukoni kama mtu mwenye hela za harusi, anafika mlangoni, anaona pamehitajika ushawishi, anarudi alikohifadhi mchezo, ananunua ushawishi papo hapo, anapita. Dakika iliyopita alikuwa bubu, sasa ni mwanasiasa. Gemu iliyojinadi kwamba chaguo lina uzito inamfundisha mchezaji kuahirisha kila chaguo. Yule mtu mnyonge tuliyekuwa tukimhofia anatoweka, anabaki mhasibu.

Nafikiria bao. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ni gumu kiasi kwamba kuna wazee waliolicheza maisha yao yote na bado wanashangazwa. Lakini kete zimewekwa wazi. Aliyekufunga amekufunga kwa kitu ambacho na wewe ulikuwa unakitazama. Macho yalikuwepo, akili haikufika. Ugumu wa Miltiades ni wa jinsi hiyo, kwa kuwa dalili zilikuwa mbele yako. Ugumu wa mlango unaodai kiwango usichokijua ni kama kucheza bao huku mwenzako ameweka kete nyingine chini ya mkeka. Ukifungwa hujifunzi lolote kuhusu mchezo, unajifunza kuchungulia chini ya mkeka. Mhakiki mwenye kazi yake angetenganisha vitu hivi viwili, akautetea wa kwanza kwa nguvu na kuusema wa pili bila huruma. Wengi waliviita vyote "ugumu" wakatoa alama, na mashabiki wakaviita vyote "ugumu" wakapiga makofi.

Studio yenyewe iliendelea na safari. Mwaka 2016 ilitoa Dungeon Rats, ambayo ni mapigano karibu matupu, zawadi kwa wale wa jandoni. Kisha ikaja Colony Ship, iliyokamilika mwaka 2023, inayotokea ndani ya chombo cha angani. Humo una wenzako wa kuandamana nao, na ustadi unakua kadiri unavyoutumia: ukiiba unajua kuiba, ukibembeleza unajua kubembeleza. Hakuna tena pointi za kuficha mfukoni ukisubiri kuona mlango unadai nini. Maadui bado wanaua. Yaani kilichoondolewa ni kete za chini ya mkeka, na kilichobaki ni ule ugumu ambao tahakiki zilitaka upunguzwe.