Ukeketaji: Wazazi Washauriwe Kabla ya Kushtakiwa

Likizo inapowadia, mwalimu wa Kanja, sawa na wenzake kote Embu na Meru, hana budi kujiuliza: Je, wasichana wote watarejea darasani wakiwa salama? Kitaifa, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka wa 1998. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 15. Ukeketaji umepungua, ila haujakoma.

Mzazi anayemkeketa bintiye hamchukii. Anachohofia ni kwamba bintiye atakosa mume, atadharauliwa na mavyaa na kusengenywa na majirani. Ukimkabili, atakujibu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hofu ya namna hii haiondolewi kwa pingu pekee.

Historia ya Meru ni shahidi. Mwaka wa 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni. Maelfu ya wasichana walikaidi, wengine wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Amri ilitangulia, mashauriano hayakuwapo.

Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1996, huko Tharaka, Maendeleo ya Wanawake walianzisha Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Msichana alitengwa kwa siku chache, akafunzwa juu ya mwili wake, heshima na utu uzima, kisha jamaa wakamsherehekea pasipo wembe. Muhimu zaidi, wazazi walishauriwa kwanza, nao wakakubali hadharani. Mila ilibaki, jeraha likaondoka.

Sisemi kwamba sheria haifai. Sheria ya mwaka wa 2011 inamtia hatiani mkeketaji na anayemsaidia. Hata anayemkejeli mwanamke kwa kuwa hakukeketwa ana kosa. Watunga sheria walitambua kwamba neno nalo huumiza. Basi na litumike kuponya.

Shule zetu huwapa wasichana ushauri nasaha, kisha huwarudisha kwa wazazi ambao hawakuambiwa lolote. Huko ni kumtwika mtoto mzigo wa kubishana na mamaye. Napendekeza kila shule iwaite wazazi kabla ya likizo, akina baba wakiwamo, na nyanya pia, kwani kauli yao nyumbani ni nzito. Wasikilizwe hofu zao bila kutukanwa, ndipo waelezwe madhara: kuvuja damu, matatizo ya uzazi, masomo kukatizwa.

Ngaitana lilikuwa jibu la wasichana walioamriwa bila kushauriwa. Tusiwape wazazi wa leo sababu ya kulirudia gizani.