Juu ya Bunduki Zinazopiga Bega



Napenda kumjibu bwana mmoja aliyeandika katika toleo lililopita la gazeti letu. Mwenzetu karani, ambaye amepata kibali cha kuwinda na anakusudia kununua bunduki, aliuliza kwa adabu ni risasi gani imfaayo kwa pongo na tohe wa huku kwetu Murungu. Akajibiwa kwamba aache vitu vya watoto, anunue .375, kwa maana bunduki isiyopiga bega haiui, na mwanamume asiyestahimili pigo hilo heri abaki mezani na kalamu yake.

Mabwana, mimi ni karani, wala kalamu siionei haya. Lakini jibu lile ni baya, tena lina hatari, na sipendi mwenzetu alifuate kwa kuogopa kuchekwa.

Kwanza tujue pigo hilo latoka wapi. Baruti iwakapo husukuma kichwa cha risasi mbele, na papo hapo huisukuma bunduki nyuma. Kichwa kikiwa kizito, baruti ikiwa nyingi, na bunduki yenyewe ikiwa nyepesi, bega ndilo hulipa. Kichwa cha kawaida cha .375, ambayo ilitolewa Uingereza mwaka 1912, kina uzito wa gramu 19 na kitu. Cha Mauser ya milimita 7, ambayo Wajerumani waliitoa mwaka 1892, mara nyingi ni kama gramu 9. Cha .243, iliyotoka Marekani mwaka 1955, hakifiki gramu 7. Nguvu ya pigo la .375 yapita ile ya .243 zaidi ya mara tatu. Sasa mtazameni mnyama mwenyewe: dume la pongo ni la kilo 40 hadi 80, pungufu ya karani aliyeshiba. Akipigwa mapafuni kwa risasi ndogo ya kuwindia, ile ambayo kichwa chake hufunguka kiingiapo mwilini, haendi mbali. Akipigwa tumboni kwa gramu 19, huenda akalala porini siku mbili akiteseka.

Haya sikuyasoma tu. Miaka michache iliyopita nilitoka na wenzangu kwa kibali halali, nami nikashika .375 kwa sababu ile ile ya bwana yule, yaani nionekane mtu. Siku ya kwanza nilijaribu shabaha mara tatu kwenye kichuguu, na jioni bega lilikuwa limevimba. Asubuhi yake pongo alisimama ubavu ukingoni mwa kijito, hatua 80, hana habari nasi. Nilifumba macho kabla sijafyatua. Sikukusudia; mwili ulikuwa umekwisha kulikumbuka pigo la jana. Risasi ikampata nyuma sana. Tulimfuata tangu saa moja asubuhi hata jua likachwa, tukiona damu nyeusi iliyochanganyika na majani aliyoyatafuna, na hatukumpata. Mzee aliyetuongoza hakunigombeza. Alisema tu kwamba fisi watampata kabla yetu, akageuka kurudi kambini.

Na tusidhani kwamba hilo ni jambo la huruma peke yake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, haimwachii aliyejeruhi mnyama aende zake nyumbani. Yampasa amfuate ammalize. Mwenye kufumba macho hujitafutia mzigo huo kwa fedha yake mwenyewe.

Bwana yule asema pia kwamba risasi nene hupenya kichaka bila kupinda. Wengi huamini hivyo, lakini risasi zilizojaribiwa kupita katikati ya vijiti zilipinda, nene kwa nyembamba. Dawa ya kichaka ni kungoja mnyama atoke.

Tena ataja wawindaji wa Kizungu wa zamani na bunduki zao kubwa. Basi mbona hakumtaja W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20? Mtu huyo aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa risasi hiyo hiyo ya milimita 7 ambayo bwana yule aiita ya watoto. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno apate kujua ubongo ulipo, akaipeleka risasi hapo. Simtaji ili tumwige: kwa tembo, nyati na simba sheria zetu hutaka .375 kuwa ndiyo ndogo kabisa, na ni haki, kwani nyati aliyejeruhiwa katika nyasi za Moyowosi hamngoji mtu aongeze risasi. Hata pofu, ambaye dume lake laweza kupita kilo 700, nisingempiga kwa .243. Lakini mwenzetu hakuuliza habari za nyati. Aliuliza pongo na tohe.

Kwa hao, mimi ningenunua ile ya milimita 7, au .243 kama bega langu ni jembamba, nikiisha kumwuliza afisa wa wanyamapori kama kibali changu chairuhusu. Ningetaka bunduki yenye uzito wa kutosha, kwa maana nyepesi hupendeza njiani na kuumiza wakati wa kupiga; na kitako chake kiwe na mpira, kilingane na urefu wa mkono wangu. Viko vyuma vya matundu vitiwavyo mdomoni mwa mtutu kupunguza pigo. Vyafaa, ila kishindo chake humwangukia masikioni mwenzako aliye kando. Fedha iliyobaki ningenunulia risasi za kujaribia shabaha, nipige hata nisahau kwamba bunduki hupiga bega.

Namwomba bwana yule, kama bado ashikilia neno lake, aje siku ya kulenga shabaha na hiyo .375. Tutaipakia mmoja wetu, mara kwa ganda tupu, mara kwa risasi kamili, asijue ipi ni ipi. Akifyatua juu ya ganda tupu na mtutu usitikisike, nitaandika tena katika gazeti hili kwamba nilikosa.

Wenu mtiifu,
Karani, Kibondo