ELIMU YA JUA IFIKE VIJIJINI

Kila mwaka uingiapo mwezi wa Oktoba, mazungumzo ya wananchi wa Mkoa wa Singida, tangu Manyoni mpaka Iramba, huwa ni juu ya jua. Wengine husema jua la mwaka huu si lile walilolijua baba zetu. Wengine husema limeshuka karibu na ardhi. Na wako ambao, wakiona mawingu yanapita bila kutoa hata tone, hunong'ona kwamba kuna mtu aliyeifunga mvua. Hapo ndipo kikongwe asiye na wa kumtetea huanza kutazamwa kwa jicho baya. Basi jambo hili si dogo, wala si la wanazuoni peke yao. Ni jambo la chakula, la afya, na la usalama wa jirani kwa jirani, na ndiyo maana leo tumelipa nafasi katika ukurasa huu.

Wako wasomi wanaodhani kwamba mkulima halijui jua. Si kweli. Wazee wa Kinyaturu walilitukuza jua katika sala na sifa zao, na mtafiti Marguerite Jellicoe aliziandika habari hizo katika miaka ya 1960. Mtu aliyelima uwele na mtama maisha yake yote anajua jua huchomozea upande gani wa kilima wakati wa palizi, na upande gani wakati wa mavuno. Macho ya kuona anayo. Amekosa mtu wa kukaa naye chini na kumweleza sababu ya kile anachokiona.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja, na mhimili wake umeinama nyuzi 23 na nusu. Kwa ajili ya kuinama huko, jua la adhuhuri halikai juu ya utosi wa watu wale wale mwaka mzima. Mwezi Juni liko kaskazini, mbali nasi. Kisha hurudi kusini, likavuka Ikweta tarehe 22 au 23 Septemba, likapita juu ya Mwanza mwishoni mwa mwezi huo, juu ya mji wa Singida yapata tarehe 5 Oktoba, na juu ya Songea yapata tarehe 21. Huendelea mpaka Tropiki ya Kaprikoni mwezi Desemba, hugeuka, na kupita tena juu ya Singida yapata tarehe 8 Machi. Wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huliita jua la utosi. Jina hilo ni zuri kuliko majina mengi ya kitaalamu tuyajuayo, kwa kuwa mtu akilisikia hahitaji kuelezwa maana yake.

Kwa hiyo jua halijashuka. Na hapa twamwomba msomaji atulie kidogo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai. Tofauti yake ni kilometa milioni 5 hivi katika umbali wa kilometa milioni 150. Lakini Januari hiyo hiyo watu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi. Joto la majira huletwa na jinsi mwanga unavyotuangukia, na umbali huo hauna neno kubwa. Mwanga ushukao wima hukusanyika mahali padogo, kama maji yamwagwayo katika shimo la mche. Ushukao kwa mshazari hutawanyika. Na kama mtu akiuliza kwa nini basi joto la Oktoba na Novemba hutuchosha kuliko lile la Machi, jibu ni kwamba wakati huo ardhi imekauka na mawingu ya mvua hayajafika kuitia kivuli.

Mvua nayo hulifuata jua, lakini haiandamani nalo mguu kwa mguu. Mahali panapochomwa sana, hewa hupata joto na kupanda juu, na pepo zenye unyevu huja kujaza nafasi yake. Zikikutana, mvua hunyesha. Ukanda huo wa mvua husafiri kusini na kurudi kaskazini nyuma ya jua, ukichelewa kwa majuma kadhaa, maana bahari na nchi kavu havipati joto kwa siku moja. Ndiyo sababu jua hutupiga utosini mwanzoni mwa Oktoba, nasi twangoja mvua mpaka Novemba au Desemba. Ndiyo sababu pia Singida ina msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili, wenye milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, hali wenzetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wana vuli na masika. Joto la bahari nalo huweza kuizidisha mvua au kuipunguza, kama tulivyoona katika mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Kwa hiyo jua peke yake halitupi tarehe ya kupanda.

Mkulima asiyeelezwa hayo hufanya nini? Huona wingu la kwanza, hupata manyunyu ya siku mbili, humwaga mbegu yake yote ya alizeti, halafu jua hurudi kwa majuma matatu. Miche imeota, imekauka. Hununua mbegu mara ya pili kwa fedha ya kukopa, na mavuno yakija, nusu yake ni ya mkopeshaji. Watu wa namna hiyo ni wengi, nao si wavivu wala si wajinga. Walikosa habari, na habari ilikuwako.

Ilikuwako, maana kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka hutoa utabiri wake, na Singida hutajwa humo. Twashukuru. Lakini tangazo likisema kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani, mama wa Mkalama afanye nini na jembe lake? Wastani wa nini? Apande mtama wa muda mfupi, au angoje? Ugawe mbegu mara mbili, au uimwage yote? Tangazo husomwa redioni mara moja, huingia katika simu za wachache, hufika ofisini likapigwa muhuri, na safari yake huishia hapo. Bwana shamba naye amepewa kata nzima na pikipiki moja, ambayo mara nyingine haina mafuta. Hatumlaumu yeye. Twawalaumu wale wanaohesabu kwamba karatasi ikishatumwa, elimu imeshatolewa.

Kuna madhara mengine ya jua ambayo hayangojei msimu. Upepo wa Singida hudanganya. Mji wetu uko juu kwa mita 1,500 hivi, na mionzi ya urujuanimno, yaani ule mwanga ambao jicho haliuoni wala ngozi haiuhisi kama joto, huzidi kwa sehemu moja ya kumi hivi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Mtu wa Dar es Salaam hutoka jasho akakimbilia kivulini; mtu wa Singida hupulizwa na upepo akaendelea kulima, naye anaunguzwa.

Wengi wetu tumekingwa na melanini, rangi ile iliyomo katika ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Hapa nchini inakisiwa kuwa mtu 1 kati ya kila 1,400 ana ualbino, na adui wao mkubwa ni kansa ya ngozi, ambayo huanza kama kidonda kidogo sikioni, shavuni au shingoni, na kisipotibiwa mapema humchukua mtu angali kijana. Nchi nzima ilipiga kelele kwa ajili ya mauaji ya kishirikina, na ilikuwa haki kupiga kelele. Lakini jua huwaua wengi zaidi, kimya kimya, katika mashamba ya baba zao, na hakuna anayeandamana. Bado wako watu wasemao kwamba kidonda hicho ni cha kurogwa. Si uchawi. Ni kukosa kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, yalitengenezwa mafuta ya kukinga ngozi yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hao hasa. Mafuta ya aina hiyo yafaa yawemo katika kila zahanati, na mzazi asilazimike kuuza mbuzi ili ayapate. Mwalimu wa darasa naye anaweza kumhamisha mtoto kutoka dirishani leo hii, bila kungoja waraka.

Na wafanyakazi wasisahauliwe. Kibarua wa barabara anayesimama juu ya lami saa nane mchana mwezi wa Oktoba hapigani na lami tu. Msimamizi akianza kazi alfajiri na kutoa mapumziko marefu adhuhuri, pamoja na maji ya kunywa ya kutosha, kazi haitapungua. Chama cha wafanyakazi kidai hivyo katika mikataba.

Juu ya macho tutasema kwa ufupi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na huko Rujewa, wilayani Mbarali, watu walikusanyika kuona pete ya moto angani; hapa Singida sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Tarehe 2 Agosti 2027 ni siku ya kupatwa kwingine, ambako kutakuwa kamili huko Misri, na kwa sehemu tu katika Afrika Mashariki. Atazamaye jua wakati huo bila miwani maalumu huunguza sehemu ya ndani ya jicho, nayo haina maumivu. Mtu hugundua kesho yake kwamba haoni katikati. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, wala kioo kilichopakwa masizi. Watoto wa shule wajue hayo mapema.

Hatutazungumza leo juu ya dhoruba za jua, ijapokuwa ile ya tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa kubwa kuliko zote kwa miaka ishirini hivi, ikatia rangi anga la Ulaya na Marekani. Wenye mitambo ya redio na ndege washughulike nazo. Mkulima wa Ikungi hazimzuii kupalilia.

Sasa njia ni ipi? Nchi hii ina njia yake, nayo ilikwisha jaribiwa. Mwaka 1973 ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Haikuwa lazima kila mtu awe na redio, wala kila mtu ajue kusoma. Mmoja alisoma kitabu kwa sauti, redio ikatoa somo lake, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Fundisho lililoishia katika kazi ya mikono halikusahauliwa.

Sisi twapendekeza kwamba kuanzia mwezi Agosti, mabalozi wa mashina katika Mkoa wa Singida waviite vikundi vya namna hiyo. Mamlaka iandike masomo machache kwa Kiswahili cha nyumbani. Bwana shamba aseme waziwazi: utabiri ukiwa hivi, panda hivi. Mganga wa zahanati aje na kofia, aikague ngozi ya mwenye kidonda mbele ya jamaa zake, na aseme jina la ugonjwa. Tutaambiwa hakuna fedha. Gharama ya semina moja ya hotelini ingetosha kata nyingi.

Na somo la kwanza lisihitaji fedha hata kidogo. Tarehe 5 Oktoba kila shule ya msingi iliyo karibu na mji wa Singida isimike fimbo uwanjani, na wazazi waalikwe. Ikifika saa sita na nusu mchana, kivuli cha fimbo kitakuwa kimetoweka, na kila mtu ataona kwa macho yake kwamba jua liko utosini kwa sababu ya mwendo wake wa kila mwaka, wala hakuna aliyelileta. Lirudiwe tarehe 8 Machi, mara hii saa saba kasoro dakika 8. Watakaouliza kwa nini si saa sita kamili waambiwe kwamba saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya 45, iliyoko mashariki zaidi ya Dar es Salaam, na jua huchukua dakika 41 kutoka huko hadi Singida. Dakika zilizobaki mwalimu wa jiografia atazieleza. Fimbo isimame wima kabisa. Kama hakuna timazi, kamba na jiwe vyatosha.