Tohara na VVU: na wanaume wanaolala na wanaume je?

Wadau, habari ya tohara kupunguza VVU kila mtu kaisikia, ila wengi tumeibeba nusu.

Majaribio yalikuwa matatu: Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu na Rakai. Mwaka 2007 WHO na UNAIDS wakapitisha: mwanaume aliyetahiriwa, hatari ya kuambukizwa na mwanamke inashuka kwa kama asilimia 60. 2008 Kenya ikaanza kampeni Nyanza kwa Waluo, ambao jadi yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, sio jando.

Sasa shoga, au yule anayetoka na wake kwa waume, inamsaidia? Inategemea. Govi lina seli nyingi ambazo kirusi hiki huzishambulia, kwa hiyo anayeingiza akitahiriwa anafunga mlango mmoja. Anayeingizwa, kirusi kinapitia ngozi laini ya njia ya haja kubwa. Govi lake halihusiki kabisa! Na wapo wengi tu wanaofanya yote mawili.

Ndio maana mwaka 2008 watafiti waliojumlisha tafiti 15, zenye wanaume zaidi ya 53,000, hawakupata tofauti ya maana. Marekani wanaume wengi walitahiriwa wakiwa vichanga, na Ukimwi wa miaka ya 80 ukawapukutisha mashoga vilevile. Mtu aliyezika marafiki waliotahiriwa utamuanzia wapi? China, ambako tohara sio kawaida, majibu ya jaribio yalitoka 2024: wanaume 247, wengi ni wa kuingiza. Waliotahiriwa hakuambukizwa hata mmoja, wasiotahiriwa watano. Namba ndogo, lakini sio ya kupuuza.

Balaa ninaloliona mimi liko kliniki. Chukulia kijana wa Kisumu kaja kutahiriwa, anapewa somo la mke na mume. Atauliza "na mimi je?" wakati kifungu cha 162 kinamsubiri nje? (Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.) Ananyamaza. Anarudi nyumbani anajiona kavaa ngao, kondomu kwake basi tena, vidonge vya kinga, yaani PrEP, hakuna aliyemtajia. Na kama ni wa kuingizwa, kidonda amekipata, kinga hakuna.

Halafu yule mwenye mke nyumbani, hatari anaibeba mpaka chumbani.

Haya, wewe ungekuwa nesi pale, ungemuuliza au ungemkatia tu aende zake? Maoni hapo chini, matusi nafuta.