Waiteni kwa Kipaza Sauti, Lakini Waambieni Yote

Naomba ukurasa mmoja tu nimjibu ndugu yangu aliyesimama kwenye kikao chetu cha Jumamosi na kusema kwamba mambo ya kizazi cha mwanamke si ya kutangazwa barabarani. Wengi mlimpigia makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa mwenyekiti aliufunga mjadala ili tuendelee na mashairi, nayamalizia hapa.

Waliokuwepo wanajua ubishi ulianzia wapi. Tulikuwa tunasoma hadithi ya mwenzetu, likapita gari la matangazo, lile lenye spika mbili juu ya paa ambalo wiki nyingine hutangaza sabuni. "Akina mama, jitokezeni! Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, bure kabisa, leo na kesho!" Wanywa kahawa pale kijiweni wakacheka. Watoto wakaanza kulikimbilia gari huku wakiimba "mlango wa kizazi, mlango wa kizazi" kwa mahadhi ya mchiriku. Mama muuza vitumbua akavuta kanga akajifunika kichwa, utafikiri katajwa yeye kwa jina. Ndugu yangu akasema: mnaona? Huku ni kuwadhalilisha mama zetu. Jambo la faragha lisemwe faraghani, kati ya daktari na mgonjwa wake, basi.

Hoja hiyo ni tamu masikioni. Hata mimi nilikuwa naelekea kuikubali, mpaka nilipomkumbuka shangazi.

Shangazi yangu alikuwa na miaka 52 alipoanza kuona damu tena, na hedhi yake ilikuwa imekoma zamani. Pale uani wenzake wakamtania: umerudi usichana, mwambie bwana ajiandae. Akacheka nao. Baadaye damu ikawa na harufu. Akaambiwa ni chango, akanywa mizizi. Akaanza kulalia kanga zilizokunjwa mara nne, na kanga hizo alikuwa akizifua usiku, nyumba nzima imelala, asije mtu akaziona kambani. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, tukilala chumba kimoja. Nilikuwa nasikia maji yakimiminwa kwenye karai saa tisa za usiku, na sikuuliza. Nilifundishwa kwamba mtoto haulizi.

Hiyo ndiyo faragha anayoitetea ndugu yangu. Shangazi aliipata yote, hakupunjwa hata chembe. Na siku alipokutana na daktari ana kwa ana, mlango umefungwa kama inavyotakiwa, aliambiwa ugonjwa umefika hatua ya nne. Alikufa mwaka 2017.

Sasa niulize: huyo daktari wa faragha ni wa nani? Mwanamke wa Masaki anaye, na namba yake ya simu anayo. Mwanamke wa kwetu ana nesi mmoja, foleni inayotoka hadi nje, na pazia lisilofika chini. Nesi huyo hana muda wa kumuuliza aliyeleta mtoto mwenye homa kama yeye mwenyewe amewahi kupima kizazi. Jambo hilo lisiposemwa barabarani, halisemwi popote.

Tena msidhani kuwahimiza wanawake hadharani ni ushamba wetu. Uingereza tangu mwaka 1988 kuna utaratibu wa nchi nzima wa kumwandikia kila mwanamke wa umri unaohusika barua ya kumwita akapime, na asipokwenda anaandikiwa tena. Kwetu namba ya nyumba imebandikwa mlangoni, lakini barua yenyewe sijaiona. Barua yetu ni lile gari. Ukilinyamazisha, umechana barua.

Na mbele ya kimya hicho kuna hesabu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani hii Tanzania kuwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka mmoja, na waliokufa zaidi ya 6,000. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wetu. Dunia nzima mwaka 2022 iliua karibu 350,000, na katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wala si kwamba wenzetu wameumbwa tofauti. Ugonjwa huu haukurupuki. Tangu kirusi kiingie mpaka saratani kamili, kwa mwenye kinga nzuri ya mwili hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU muda huo hupungua sana, na yeye yumo hatarini mara sita zaidi. Miaka 15, jamani! Ndani ya muda huo mabadiliko huweza kuonekana, yanangoja mtu wa kuchungulia.

Hadi hapo nimemjibu ndugu yangu. Lakini sikuja kulipigia debe gari la matangazo. Nina ugomvi nalo pia, tena mkubwa kuliko huu.

Kwanza neno lenyewe: "jitokezeni". Sisi tunaojifunza kuandika tulitazame neno hili. Anayeambiwa ajitokeze ni aliyejificha. Kila mwaka kiongozi anapanda jukwaani, amevaa fulana ya kampeni juu ya suti, anasema tatizo ni akina mama hawajitokezi. Kwa hiyo kosa ni lao. Hasemi kama zahanati ina taa ya kuchungulia. Hasemi kama kesho kutwa, gari likishaondoka, huduma itakuwepo. Shangazi hakujificha. Hakuitwa.

Pili, wanaita bila kueleza wanaitia nini. Mama wa watu anasikia "saratani" na "bure", anaogopa cha kwanza na kukitilia shaka cha pili. Kwa nini spika isiseme wazi? Utalala kitandani, kitaingizwa kifaa chenye mdomo kama wa bata, utapakwa siki kwenye mlango wa kizazi. Ndiyo, siki, ndugu yake ile ya kachumbari. Sehemu yenye walakini hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi. Ikionekana nyeupe, haina maana una saratani. Ina maana kuna mabadiliko ambayo mara nyingi yanaweza kugandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, ukarudi nyumbani ukapika. Ziko pia sehemu zenye kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, na hicho mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, nyuma ya pazia, bila mtu kumchungulia. Shirika la Afya Duniani linakikubali. Ndugu yangu mpenda faragha, umesikia? Faragha unayoitaka imo ndani ya kipimo. Lakini nani ataijua kama haikutangazwa?

Tatu, na hapa ndipo spika inapokaukiwa sauti: wanaume. Kirusi chenyewe, kinachoitwa HPV, kinapita kwa kujamiiana. Mwenzetu mmoja aliniambia pembeni: ukitangaza hilo, utavunja ndoa. Mke akirudi na majibu atauliza kakitoa wapi, na mume naye atauliza hivyo hivyo. Nami nasema, ndoa zitavunjika kwa kusema nusu. Sema yote: karibu kila mtu anayejamiiana hukipata wakati fulani maishani, wengi mwili hukifukuza wenyewe bila wao kujua, na chaweza kukaa miaka mingi kimya, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuonyesha kidole nani kamletea nani na lini. Wanaume wale wa kijiweni walicheka kwa sababu walidhani hayawahusu. Wangeambiwa kwamba mlango ule wanaoucheka hugongwa na kirusi walichokibeba wao, kahawa ingewapalia.

Kuna wanaosema ukiwaeleza watu mengi watakimbia, bora uwaite tu. Huko New Zealand, katika hospitali moja kubwa ya wanawake mjini Auckland, kuanzia mwaka 1966 daktari aliyeitwa Herbert Green aliwafuatilia wanawake waliokwisha kupimwa na kuonekana na mabadiliko ya hatari. Yeye aliamini mabadiliko yale hayageuki saratani. Wengi hawakupewa tiba iliyotakiwa, na hawakuambiwa kwamba wamo katika utafiti. Wapo waliopata saratani, wapo waliokufa. Wanawake wale walikuwa wamejitokeza! Walikwenda kila walipoitwa. Kilichowaponza ni kutoambiwa. Waliofichua ni wanawake wawili waandishi, Sandra Coney na Phillida Bunkle, katika gazeti la mwezi liitwalo Metro, mwaka 1987. Tume ikaundwa chini ya jaji Silvia Cartwright, ikatoa ripoti mwaka 1988, na haki ya mgonjwa kuelezwa na kukubali au kukataa ikapata nguvu nchini humo. Makala, ndugu zangu! Siku nyingine tukilalamika kwamba jarida letu linasomwa na watu wachache, tuikumbuke makala ile.

Kwa hiyo nasema waiteni, waelezeni, na mwenye kukataa baada ya kuelewa aachwe na heshima zake.

Lakini mzigo huu siutupi wote kwa wenye gari. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mama yangu hadi leo anamsimulia Mkwaju, yule dereva wa lori, kama jirani aliyehama. Mchezo ule ulizungumza uzazi wa mpango na Ukimwi wakati wa chakula cha jioni, baba akiwepo. Miaka miwili ya mwanzo hawakuurusha Dodoma, ili watafiti walinganishe, na kwingineko watu walioanza kutumia uzazi wa mpango waliongezeka kuliko huko. Hadithi tu, wala si hotuba. Sisi tumeandika nini? Katika hadithi zetu wanawake wanakufa kwa "ugonjwa wa muda mrefu", kama kwenye matangazo ya vifo.

Na mimi nimo. Katika muswada wa riwaya yangu, ile niliyowasomea sura mbili, shangazi yumo. Sura ya 9 nimemuua kwa malaria. Mlisifu sana ile homa, mkasema imeandikwa kwa ufundi. Ilikuwa uongo. Niliona aibu kuandika kanga zilizokunjwa mara nne. Sura hiyo nimeifuta, na naianza upya na sauti ya maji kwenye karai.

Chanjo ya wasichana tunayo nchini tangu mwaka 2018, na hilo ni jema, lakini mama yangu ana miaka 47 na chanjo ile haikumlenga yeye. Jumapili nikamwambia: mama, lile gari lilipita. Akajibu alilisikia. Nikamwambia habari za siki, na kijiti, na zile dakika. Akanyamaza akichambua mchele, kisha akaniuliza, "Huyo anayechungulia ni mwanamke au mwanaume?"

Nikamwambia sijui, kesho twende tukaulize. Akasema nisubiri auze kwanza mkaa.