Mwezi mkubwa, mtumbwi mzito



Juma hili mwezi ni mkubwa. Usiku ziwa linaangaza lenyewe, ndagala hawafuati tena taa, na mitumbwi inapumzika. Kwa mama mwenye mtumbwi hizi ni siku za kuhesabu feza na kushona nyavu. Kwangu mimi mwalimu ni siku za kuhesabu viti vitupu. Mwezi uliopita, katika kilasi yangu ya tano, watoto saba walikosa siku ya kwanza, na siku ya pili wakawa tisa. Nikiuliza wenzao, wananijibu: "Yuko ziwani, anasugua mtumbwi."

Sisemi mtumbwi usisuguliwe. Hata! Nimejifunza kwa hasara yangu kwamba sherti usuguliwe. Kikundi chetu cha AVEC, sisi mama wanane, tuko na mitumbwi miwili ya kuunganisha, ile ya kushusha wavu katikati. Tulipoanza, lita 10 za esansi zilitosha kwenda na kurudi. Baada ya miezi minne kijana wa moteri akawa anaomba lita 13. Tukamshuku. Tulimwita, tukamtolea maneno mbele ya watu, kwamba anauza esansi yetu njiani. Alinyamaza tu. Siku tulipovuta mtumbwi nchi kavu na kuuinamisha, tuliona wenyewe: tumbo lote limeota manyoya ya kijani, marefu kama kidole, yanateleza kama bamia. Huyo ndiye mwizi aliyekuwa anakunywa esansi yetu. Tulimwomba kijana msamaha, lakini hadi leo ninaona haya nikikutana naye.

Anayebisha avuke mto na kitenge kimeachiliwa, kisha avuke tena amekifunga kiunoni. Maji yanashika kila kinachoning'inia. Mtumbwi wa kafi nao ni vilevile, ila pale esansi ni mabega ya mtoto wako.

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa haraka tulimlipa mtu akwangue manyoya yale kwa panga. Yalitoka, na mtumbwi ukang'aa. Lakini panga liling'oa pia pamba iliyolowa mafuta ya mawese, ile fundi aliyoisindilia kati ya mbao. Usiku wa kwanza wavuvi walirudi wanachota maji kwa ndoo. Tulipoteza usiku tano za giza tukimngojea fundi, na usiku wa giza munajua ndio mkate wetu.

Tangu hapo tunafanya hivi. Kila mwezi mkubwa, bila kuruka hata mmoja, tunasugua kidogo. Uchafu wa majuma manne ni utelezi tu, unatoka kwa mkono mwepesi. Uchafu wa miezi minne umekwisha kushika ubao, na hapo ndipo watu wanakimbilia panga. Siri nyingine ni kusugua ungali umelowa, dakika ileile unapotoka majini. Ukiacha jua liukaushe kwanza, unashika kama ugali uliokauka kwenye sufuria, na mama hahitaji kuelezwa namna gani hiyo inasumbua.

Vyombo vyetu havitoki dukani. Wavu wa nailoni uliozeeka, ule usioshoneka tena, tunaukunja kuwa donge la kujaa mkono, tunalifunga kwa uzi. Hilo linasugua vizuri kuliko burosi, na halikwaruzi ubao. Pale penye kushika zaidi tunatumia kipande cha bidoni ya plastiki kilichokatwa, ukubwa wa kiganja, ukingo ulionyooka. Kinakwangua, lakini kikifika kwenye pamba kinapinda, hakiing'oi. Penye mafuta meusi, karibu na moteri, tunapaka majivu ya jikoni yaliyolowa, tunasugua, tunaosha mara moja. Ni majivu yaleyale ya masufuria. Mchanga hapana: unakula ubao, na mwaka kesho utanunua ubao mpya.

Wenzetu wa Bahari ya Hindi wanabahatika: maji yanapwa, chombo kinabaki mchangani chenyewe. Ziwa letu halina kupwa wala kujaa, kwa hiyo sisi ni magogo na watu kumi wa kuvuta. Na tangu maji ya ziwa yalipopanda, mahali pengi ufuko umekuwa mwembamba, hakuna hata nafasi ya kuinamishia mtumbwi. Kwa mama wa namna hiyo kuna kamba.

Tafuta kamba ya mita kama 6. Katikati yake, urefu wa mita mbili hivi, izungushie wavu mzee hadi inenepe kama mkono, ukaifunge imara. Fungua miti ya kuunganisha ili mtumbwi uwe peke yake kwenye maji yaliyotulia. Kamba ipitishwe chini ya ncha ya mbele. Watu wazima wawili wakae ndani ya mtumbwi, mmoja kila upande, kila mmoja na ncha yake ya kamba. Huyu avute, yule aachie. Yule avute, huyu aachie, kama watu wanaopasua ubao kwa msumeno. Polepole warudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi karibu na moteri. Moteri yenyewe iwe imetolewa. Sisi tunapita mara tatu, na kabla jua halijawa kali tumemaliza, wala hakuna aliyeloa zaidi ya viwiko. Kamba haisafishi kila kona, ninakubali. Pale mbele penye ncha kali sherti mkono wa mtu. Lakini kama unafanya kila mwezi, inatosha hadi siku ya kumwita fundi.

Hilo la kutoloa ndilo lililonipenda zaidi, kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji machache yenye majani, palepale tunapoegesha mitumbwi, na vinaingia kwa ngozi bila mtu kusikia kitu. Vinajaa majini zaidi jua likipanda, tangu katikati ya asubuhi hadi mchana. Sasa fikirini mtoto wa miaka kumi aliyesimama maji ya kiuno saa zilezile, anasugua. Baadaye anakojoa damu au anaumwa tumbo, anasinzia darasani, na mimi ninamwandikia kwamba ni mvivu. Nimewahi kumwandikia mmoja hivyo, kabla sijajua. Kama ni lazima mtu aingie majini, aingie mtu mzima, alfajiri, na atoke mapema. Na watoto wanaokaa pwani wanywe dawa ya prazikwanteli inapoletwa shuleni. Musiwafiche siku hiyo.

Kuna wanaomwaga mazutu juu ya ubao ili manyoya yafe, na wengine javeli. Mazutu yanaelea hadi pale jirani anapoteka maji ya kupikia. Javeli inachoma macho na kudhoofisha ubao. Sabuni ya unga pia haina kazi hapa, iokoeni kwa nguo za shule. Na munajua kipindupindu kinavyopenda pwani yetu: mahali pa kusafishia mtumbwi pawe mbali na mahali pa kuteka maji.

Jambo moja nimelisahau. Mukivuta mtumbwi nchi kavu, musiuache juani siku tatu eti ukauke vizuri. Manyoya yanakufa, ni kweli, lakini mbao zinanywea na kuachana, na siku ya kurudi majini utavuja kila mahali. Siku moja inatosha, tena ukifunikwa magunia yaliyolowa.

Jumamosi alfajiri kikundi chetu kitasugua pale tunapoegesha, kabla watu hawajaanza kuteka maji. Mwenye kutaka kuona kamba inavyofanya kazi aje. Na anayetaka kuiazima anikute nyumbani baada ya masomo. Airudishe kabla giza halijarudi.